Goli Moja Hushinda Pointi Zote

Jirani yetu wa Bordesley Green, huku ughaibuni, alikuwa mama mzee wa Kiayalandi, mjane, na wallahi sikuwa na ubaya naye mpaka aliponichukulia binti yangu. Simaanishi alimwiba. Alimpeleka uwanjani tu, kumfundisha mpira wa kwao, ule wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu: ukiupitisha juu ya mwamba ni pointi, ukiuingiza wavuni ni goli. Mimi nilikuwa na zamu hospitalini kila Jumamosi, basi nikashukuru. Mjinga mimi.

Haikuchukua muda, mtoto akaanza kumwita Nyanya. Nyanya yake wa damu yuko Garissa, na akipiga simu mtoto anajifungia chooni. Lakini kwa huyu, soga haziishi. Mimi nikimuuliza habari za shule kwa Kiswahili, najibiwa neno moja la Kiingereza.

Timu yao ya wasichana ikafika fainali, mara ya kwanza. Siku moja kabla, yule mama mzee akaja kunywa chai kwangu, akatusimulia jinsi babu yake alivyocheza katika mojawapo ya fainali za mwanzo kabisa za ubingwa kule kwao, enzi za wachezaji ishirini na mmoja kila upande. Babu na wenzake walipata pointi tele. Wapinzani wakafunga goli moja, wakabeba ubingwa. Ati sheria ya siku hizo, goli moja lilishinda pointi zote, ziwe ngapi. Binti yangu alisikiliza mdomo wazi. Nilikuwa namsuka nywele, nikazivuta zaidi ya ilivyohitajika.

Nami nilikuwa na langu moyoni. Desturi ya timu yao, wakishinda, kila mchezaji anamvisha medali yake mtu aliyemfikisha pale. Niliomba ruhusa kazini. Nikaamka alfajiri kuchoma mahamri, nikapiga jezi pasi, nikamshonea suruali ya kuvaa ndani ya bukta. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nikajiambia, atakuja kwangu tu.

Wakashinda. Akaja mbio kwetu, mimi na mzee tumesimama bega kwa bega. Nikainamisha kichwa kabisa, haki ya Mungu, nikainamisha. Medali akamvisha yule mzee.

Nilipiga makofi, nikatabasamu kwa meno yote, na ndani nauliza: homa zake alikesha nazo nani? Mzee akalia, akanishika mkono. Sikuuondoa, lakini wake sikuushika.

Tulipofika nyumbani, binti yangu alivua viatu vya njumu mlangoni, vimejaa matope.

"Mama, nisafishie," akasema. Kwa Kiswahili.

Nilimwangalia akipanda ngazi. Kisha nikavipeleka kwenye sinki, nikavisugua kwa mswaki wa zamani mpaka matope yote yakatoka. Pointi moja kwangu.