Lugha Aliyoipeleka Ulaya

Onesmo, mwana wa mzee Mageni, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Segese, na tangu ujana alikuwa na kiu ya lugha za watu. Kiingereza alikinoa kwa kusoma magazeti makuukuu waliyofungia sukari dukani. Kifaransa alikuwa akikisikia kwa mapadri, akatamani kukijua. Basi mwaka 1949, afisa mmoja wa elimu alipomwambia kuna nafasi yake katika idara ya lugha ya chuo kikuu kimoja Uingereza, kwa miaka miwili, mzee Mageni alichinja dume. Nyamizi, mke wa Onesmo, alibaki na mimba ya kwanza. Wote walijua kwamba Onesmo anakwenda kusoma.

Alipofika huko alipewa chumba chenye meza na viti. Asubuhi waliingia vijana wa Kizungu waliokuwa wakiandaliwa kuja kutawala Tanganyika, wakaketi mbele yake na kalamu. Profesa akamwomba aseme "ng'ombe" kwa Kisukuma, polepole, kisha arudie. Akarudia. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na wiki zikapita.

Mwisho alikwenda kwa profesa kuuliza masomo yake yataanza lini. Profesa, mtu mpole, alishangaa kweli.

"Lakini wewe lugha unayo tayari," alisema. "Wenye kujifunza ni sisi."

Aliruhusiwa kukaa nyuma darasani kwenye Kifaransa, ila mtihani hakufanya, kwa kuwa hakuwa mwanafunzi.

Baridi na upweke vingemwangusha kama si kijana mmoja wa darasa lile, Harwood. Huyu alimkaribisha Krismasi nyumbani kwa mama yake, akamketisha karibu na moto, akamuuliza mambo ambayo hakuna mwingine aliyeyauliza: vipi mzee hupoozwa hasira, vipi mtu huomba jambo gumu. Onesmo alifurahi kuulizwa. Alimfundisha kwamba kwa mfugaji huanzi na idadi ya ng'ombe. Idadi ni tusi. Unaulizia kwanza ndama, unataja malisho, unamsifu dume kwa rangi yake. Mzee akishacheka, ndipo unasema lako. Harwood alikuwa na sikio zuri. Katika miaka yake yote ya ualimu Onesmo hakuwahi kupata mwanafunzi kama yule.

Alirudi mwaka 1951 bila shahada. Mkuu wa shule alimweleza kwamba hakwenda masomoni, alikwenda kazini, hivyo cheo chake ni kile kile. Onesmo hakumwambia baba yake. Watu walimwita msomi, naye aliitika.

Miaka miwili baadaye alikuja bwana shauri mpya wa serikali wilayani, na baraza likaitwa. Alikuwa Harwood. Alisimama mbele ya wazee bila mkalimani, akawaamkia "mwangaluka" kama mtu aliyezaliwa pale pale Msalala. Akaulizia ndama. Akalitaja bonde la malisho kwa jina lake, akamsifu dume mweusi wa mzee Mageni mwenyewe. Wazee walicheka, wengine wakapiga makofi. Ndipo akasema lake: mifugo imezidi ardhi, na kila mwenye ng'ombe atapeleka baadhi yao mnadani, apende asipende.

Kicheko kilikatika. Mzee Mageni akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amekufundisha kusema nasi hivi?"

Harwood alitabasamu kwa moyo mweupe, akanyoosha mkono. "Mwalimu wangu ni yule pale. Mwanao."

Hakuna aliyemtukana Onesmo. Waligeuka tu kumtazama. Dume mweusi aliondoka na kundi la kwanza, na toka siku ile mzee Mageni alizungumza na mwanawe kupitia kwa Nyamizi, ingawa waliketi uwanja mmoja.

Onesmo alikwenda ofisini kwa Harwood kumsihi. Alipokelewa kwa chai. Harwood alimsikiliza hadi mwisho, akasema amri si yake.

"Ungeniambia unajifunza kwa ajili gani," Onesmo alisema.

"Kwani wewe ulidhani najifunza kwa ajili gani, Mwalimu?"

Harwood hakuwa amemdanganya hata mara moja.

Mzee Mageni alifariki mwaka 1955 bila kumsemesha. Baada ya matanga Onesmo aliacha ualimu, akamchukua Nyamizi na mtoto wakahamia Geita, naye akaajiriwa karani kwenye mgodi wa dhahabu. Wachimbaji walitoka kila kabila, na Kiswahili kilitosha. Siku moja msimamizi mgeni wa Kizungu alipita akitafuta mtu wa kumfundisha Kisukuma kidogo, apate kuelewana na vibarua. Alikuwa na adabu, na aliahidi kulipa. Akamuuliza Onesmo kama anakijua.

"Sikijui," Onesmo alijibu.

Vibarua wawili wa Kisukuma waliokuwa mlangoni, ambao alikuwa ametoka kuzungumza nao lugha hiyo, walitazamana, wakainama kuchukua sururu zao.