Machungwa ya Bwana Jecha

Mwatima binti Hamad wa Msuka, Pemba, alikuwa mchapakazi na mtu wa watu, ila mdomo wake hakujua kuufunga. Kamba alizofungia mwani wake baharini zilipoanza kung'oka na kuonekana zimelala kwenye shamba la shoga yake Mwanawema, hakungoja ushahidi: alisema Mwanawema mwizi. Alimwambia jirani, jirani akamwambia wifi yake, na neno likavimba mpaka Mwanawema akawa haalikwi harusini. Kijiji kikagawanyika, hata wanawake waliokuwa wakinyonyesheana watoto wakawa hawasalimiani pwani.

Ndipo akaja Bwana Jecha, mtaalamu wa bahari, na kapu la machungwa. Alipoyamwaga majini penye rasi, watu waliamini anawapa mashetani sadaka, na mzee mmoja akaitikia amin. Jecha alicheka mpaka akakaa chini. Akawaeleza kuwa machungwa yanaelea, ni ya kuonyesha maji yanakokwenda, na kuwa huko kwenye maji makuu kuna mizunguko ya maji mipana kuliko Pemba nzima. Ikikwaruza miamba hukatika, nguvu yake ikarithiwa na mizunguko midogo, nayo ikazaa midogo zaidi, mpaka nguvu ikaishia kwenye povu. Na pengine ile midogo hukutana, ikaungana, ikairudishia mikubwa nguvu.

Mwatima alisikia nusunusu, macho yake yalikuwa kwenye machungwa. Yalizunguka pamoja, yakagawanyika mafungu, na fungu moja likaja likizungukazunguka, likapita juu ya vigingi alivyofungia kamba zake, likaenda kutulia shambani kwa Mwanawema. Akakumbuka zile kamba zilivyokuwa zimesokotana, utadhani nguo iliyokamuliwa. Mwizi gani anayepoteza wakati wake kusokota kamba? Alijiona mbaya, mbaya kabisa.

Alimkuta Mwanawema peke yake, maji yakimfika magotini, anafunga mbegu za mwani. Alimwomba radhi. Akamsimulia habari ya mizunguko yote, mikubwa na midogo, akasema kumbe ni bahari iliyofanya.

"Bahari hain'jui mie, Bi Mwatima," alisema Mwanawema bila kuinua kichwa. "Weye wan'jua."

Bi Mwatima! Tangu usichana wao alikuwa akimwita shoga. Mwatima aliketi mumo humo majini na kanga zake, akalia waziwazi. Mwanawema aliendelea kufunga mwani wake, ila hakumwambia aondoke.