Mdomo wa Mama Ukutani Kanduyi

Agosti mwaka wa 2006 nilipoteza uso wa mama yangu mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka sita, naye alizikwa. Mara ya pili nilikuwa na miaka tisa, na uso wenyewe ulifunikwa kwa udongo na wanawake waliompenda.

Nikikumbuka wakati ule, kwanza huja harufu ya mafuta ya taa. Senge Nafula, dada ya baba, alisuuzia brashi zake humo, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake Kitale. Baba alifanya kazi shambani Endebess, kwa hivyo nililelewa na Senge. Siku za juma alichora peke yake chumbani, mlango umefungwa. Ijumaa alibeba rangi akaenda Kanduyi kuchora ukuta wa jumba la udongo pamoja na kikundi cha akina mama. Majirani walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi niliijua iliyokuwa ikiponyoka: picha ya mama, iliyosimama karibu na dirisha, ina macho, ina paji la uso, haina mdomo. Nyumbani tulikuwa na picha yake ya kitambulisho tu, na humo hacheki. Nilikuwa nimeanza kusahau alivyocheka, na sikumwambia mtu. Kila Jumapili nilimwuliza Senge atamaliza lini. "Ngoja kwanza nimalize Kanduyi." Niliichukia Kanduyi kabla sijaiona.

Likizo ilipofika akanipeleka. Mama alikuwa amezaliwa huko. "Mimi nilikuwa wifi yake," Senge aliniambia, "mbele yangu alifunika mdomo kwa heshima. Hawa ndio walicheka naye." Akamchora ukutani kwa udongo mwekundu, majivu na chokaa, katikati ya wanawake wanaopura maharagwe. Wenzake wakasimama nyuma yake wakibishana.

"Ati huyo ni nani? Huyo ni bibi ya pasta, si Nasimiyu!" akasema Mama Robai, rafiki wa mama tangu usichana. "Nasimiyu alianza kucheka na upande mmoja, bana. Ule mwingine ulikuja baadaye, kama mtu amechelewa kanisa."

Walicheka mpaka Senge akaangusha brashi. Mama Robai akachovya kidole, akauinua mdomo upande mmoja. Nikamwona mama. Senge akasema tutarudi baada ya wiki mbili, udongo ukishakauka, aunakili mdomo ule kwa ajili ya picha ya Kitale.

Tuliporudi, jumba lilinukia udongo mbichi na kinyesi cha ng'ombe. Ukuta wote ulikuwa laini, umepambwa kwa mistari ya vidole. Mwana wa Mama Robai alikuwa anapashwa tohara wiki ile, wageni wangekaribishwa mle jumbani, na wageni wa tohara hawapokelewi penye ukuta wa zamani. "Si utachora ingine, Nafula?" Mama Robai aliuliza, mikono imejaa udongo, uso umejaa furaha. Kwake ukuta ulikandikwa, ukapambwa, ukakandikwa tena. Ndivyo mama yake alivyofanya. Niliwaita wachawi. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya watu wazima. Senge hakunipiga. Alinitazama, akakunja mikono ya gauni, akaenda kuwasaidia kumalizia upande wa mlango.

Kitale alijaribu mdomo ule mara nyingi, na kila mara akaufuta. "Sitambunia mama yako kicheko," alisema. Akaendelea na kuta za watu, na picha ikabaki karibu na dirisha.

Senge tulimzika mwaka huu. Simu yangu ina mamia ya picha za watoto wangu wakicheka, nyingine sijazitazama mara ya pili. Jumba la Kanduyi sasa ni la matofali, na hakuna anayelikandika. Baada ya matanga nilibeba picha ile hadi kwa Mama Robai. Macho yake hayaoni vizuri. Alipapasa kitambaa cha picha polepole, akapita kwenye rangi iliyokauka, mpaka akafika mahali palipokuwa patupu.

"Upande huu ndio ulianza," akasema.

Nikachukua kipande cha makaa, nikaweka alama pale kidole chake kilipokuwa.