Damu ya Ndugu wa Melkizedeki

Flora, mke wa kwanza wa Melkizedeki, alifia wodi ya wazazi. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likagoma kutoka, damu ikamwagika. Wauguzi walihangaika, lakini kwenye jokofu hakukuwa na damu ya kundi lake. Ndugu wakapigiwa simu waje kuchangia. Walifika kesho yake kutoka Mitundu, wamejaa juu ya lori la alizeti. Walirudi na lori hilohilo, wamembeba Flora.

Miaka ikapita, Melkizedeki akaoa tena. Mimba ya mke huyo, Luciana, ilipokomaa, alimhamishia kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua, jirani na hospitali. Kisha akawaita ndugu zake, akachinja kuku. Walipomaliza kula akawaambia, "Kesho tunakwenda kutoa damu."

"Nani anaumwa?" akauliza Alute, kaka yake mkubwa.

"Hakuna anayeumwa."

"Sasa damu ya nini?"

"Kaka, Flora naye hakuwa anaumwa. Alikwenda kuzaa."



Kesho yake wakaenda. Alute, ambaye huchinja ng'ombe huku anapiga soga, aliiona sindano akaanguka. Wakamlaza, wakampa soda. Alipopata nafuu alisema sakafu ilikuwa inateleza, akanyoosha mkono, akatoa.

Wiki iliyofuata Luciana alijifungua mtoto wa kike. Hakuhitaji damu. Alute alishukuru Mungu, kisha akamfuata muuguzi wa zamu, Agnes.

"Sista, shemeji yangu hakutumia ile damu yetu. Tunaweza kuichukua?"

"Muipeleke wapi, baba?"

Alute hakuwa amelifikiria hilo.

"Nyingine imeshatumika," Agnes akasema. "Juzi aliletwa mama mmoja, amezaa njiani, anavuja damu, hajiwezi."

"Tunamfahamu?"

"Hapana."

"Yeye anatufahamu?"

"Hapana, baba."

Alute alitoka nje akamkuta Melkizedeki kwenye benchi, akamweleza. Alitegemea mdogo wake atakasirika.

"Yuko hai?" Melkizedeki akauliza.

"Sista anasema anakunywa uji."

Melkizedeki akavua kofia, akajifunika nayo uso. Mabega yakaanza kumtikisika. Alute alikaa pembeni yake, akawa anaangalia magari yanavyoingia getini.