Jina Lililosomwa Mstarini

Joanitha yuko kidato cha tatu katika shule moja ya kata, upande wa Igurwa. Mwaka jana alichaguliwa kuwa mwelimishaji rika, yaani mwanafunzi ambaye wenzake humweleza yanayowalemea moyoni. Alipata mafunzo ya siku mbili na fulana. Kila saa saba mchana aliketi nyuma ya maktaba, akingoja.

"Dokta Machozi, naumwa hesabu, nipe dawa!" wanafunzi walimtania.

Aliyekuja kwa dhati alikuwa Nikuze, binti wa wakulima wenye asili ya Rwanda. Tangu baba yake afariki hakuwa akilala, na alishaanza kutamani kumfuata. Joanitha alifundishwa kwamba jambo zito kama hilo lazima limfikie mwalimu wa malezi. Alimbembeleza siku tatu akubali.

"Basi, yeye tu," Nikuze alisema. "Mwingine asijue."

Joanitha akamweleza mwalimu wa malezi. Mwalimu huyo, Aristides, ni mcha Mungu. Kanisani kwetu majina ya wagonjwa husomwa ili waombewe, naye hakuona tofauti. Kesho yake asubuhi mstarini, mbele ya shule nzima, alisema, "Tumwombee Nikuze, anayesumbuliwa na mawazo ya kifo." Wakafumba macho, wakaitikia amina.

Hata mapumziko hayajaisha, wenzake wakaanza. "Nikuze, umefufuka?" Nikuze akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani.

Jumamosi Joanitha alimfuata. Mama yake Nikuze, Mukamusoni, alikuwa akimenya ndizi mlangoni mwa jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yumo ndani. Hataki kukuona."

"Naomba nimwambie neno moja tu."

Sauti ya Nikuze ikatoka jikoni. "Neno moja nilikupa mimi. Mkaligawa kama pombe ya rubisi harusini. Nenda, Joanitha."

Mama akainamia ndizi zake. Joanitha akarudi.

Alipomlalamikia mwalimu, aliulizwa, "Kwani kumwombea mtu ni dhambi?"

Si dhambi. Lakini siri ya mtu haigeuki kuwa yako kwa sababu umepiga magoti. Mtu mzima asiyejua hilo asikabidhiwe watoto. Aristides bado ndiye mwalimu wa malezi.

Nikuze hajarudi; huu ni muhula wa pili sasa, jina lake halimo kwenye daftari la mahudhurio. Joanitha bado huvaa fulana yake na kuketi nyuma ya maktaba saa saba. Hakuna anayekuja. Hata wa kumtania hayupo.