Mlango wa Ngobyi

Watu wakiniuliza kama watengenezaji wa magari huwasikiliza wale mashabiki wanaokesha kwenye mtandao wakibishana habari za injini, huwa nawajibu ndiyo, wanasikiliza. Naishia hapo. Wakitaka nieleze nitawaharibia maongezi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa ofisi moja pale Kibondo, ofisi iliyohudumia wakimbizi wa Burundi. Kazi yangu ilikuwa kuchapa na kujibu redio ya mawasiliano. Na kuchemsha chai, ingawa hiyo ya chai hakuna aliyethubutu kuiandika kwenye mkataba. Bosi wangu alikuwa mzungu mmoja mrefu, mpole, msimamizi wa usafiri. Yule bwana aliugua magari. Kila Ijumaa jioni alitoa nje simu ya setilaiti, akaielekeza mbinguni, akaiunganisha na kompyuta, akatuma barua kwa wenzake wa nchi mbalimbali. Hawakuwa wamewahi kuonana. Kilichowaunganisha ni kubishana: gari gani lina springi ngumu, gari gani limeharibiwa siku hizi kwa kuwekewa madoido. Majibu yao alinisomea kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, anacheka hadi machozi. Mimi nikawa nachapa orodha ya mahema.

Siku moja nikamuuliza, "Bosi, hao rafiki zako wananunua magari mapya?"

"Hapana," akasema. "Wote wana magari ya zamani. Jipya hawawezi."

"Sasa kiwanda kitawasikiliza kwa lipi? Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama."

Akacheka, akasema nina akili. Nikamuuliza tena, mbona sisi tumeagiza magari mapya na haya yaliyopo yanatembea? Akainua mabega. Mwaka wa bajeti ulikuwa unaisha, na pesa isipotumika inarudi ilikotoka. Haya basi. Nimeishi muda mrefu baada ya hapo na sijasikia sababu ya kweli kuliko hiyo ya kununua gari jipya.

Mimi nilikuwa na hoja yangu na magari, na hoja yenyewe ni mama.

Mama alikuwa kwetu Kitahana. Aliteleza akitoka kuloweka mihogo mtoni, nyonga ikavunjika. Wanaume wa mtaa wakamweka kwenye ngobyi. Ngobyi ni kitanda cha mgonjwa kilichosukwa kwa matete, kina mipini miwili mirefu, na wanaume wanne wanaiweka mabegani na kupokezana njiani. Kwetu ngobyi ni ya mtaa mzima. Mwanaume asiyetokea kumbeba mgonjwa wa jirani, siku yake ikifika atajibeba mwenyewe. Walimleta mama mpaka barabarani, na mimi nilikuwa nimeomba gari la ofisi likamsubiri pale.

Gari lilikuwa refu kwenda juu na mlango wake wa nyuma mwembamba. Ngobyi haikupita. Basi tukamtoa mama, tukamnyanyua kwa kitenge, tukampindisha ili aingie. Lo! Ukelele ule. Nilikuwa nimemshika kichwa, na ukelele wake ulinipita kifuani kabla haujafika masikioni. Hospitali walifanya walichoweza, akarudi nyumbani, lakini hakutembea tena. Siku anatoka aliniambia kwa Kiha, taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi, "Mwana wanje, sishushwi tena kwenye ngobyi njiani. Ama nifike nayo hospitali, ama nifie ndani yake."

Mama akishasema, amesema. Baba alikwisha kuzikwa akiwa bado anajaribu kumbishia.

Ijumaa iliyofuata nikaenda kwa bosi kabla hajawasha mashine. Nikamwambia, "Hao mashabiki wako waulize jambo moja. Kwa nini hakuna gari la njia mbovu lenye mlango wa kupitisha ngobyi?" Akaanza kucheka, akanitazama, akaacha. Nikamweleza habari ya mama. Akaandika ukurasa mzima, na picha ya ngobyi akaieleza kwa maneno, maana kutuma picha kwa simu ile ingekuwa kufilisi ofisi. Wiki ya pili majibu yakaja. Mmoja alisema ngobyi ni kitu kizuri mno, angependa kuiona. Wa pili akauliza ni mti gani. Wa tatu na wa nne wakaanza kugombana kuhusu nguvu ya injini, na ngobyi ikasahaulika hapo hapo. Maneno matupu hayavunji mfupa. Wala hayaungi.

Miezi ikapita. Kisha magari mapya yakafika, viti vimefunikwa nailoni, yananuka kama viatu vya dukani. Madereva wakayazunguka wakiyapapasa. Bosi akakimbia kunivuta mkono, akafungua nyuma: milango miwili, mmoja kushoto mmoja kulia, uwazi mpana hata ng'ombe angeingia.

"Unaona, dada? Wamesikia!"

Nami nikaamini. Niseme ukweli, nilifurahi kama mtoto. Jumapili nikapanda baiskeli ya kukodi hadi Kitahana, nikamwambia mama, "Gari lako limekuja." Akauliza, "Gari langu?" Nikasema ndiyo, wazungu wamesikia. Akacheka, akasema basi ataugua bila hofu. Mama hakuwa mtu wa utani mwingi, na ule nimeutunza.

Akaugua kweli, mvua zilipoanza. Kifua. Alipumua kama mtu anayepanda mlima, na alikuwa amelala. Nilikuwa nimekwenda kumwona, nikaita gari kwa redio ya zahanati ya kijiji, wanaume wakaleta ngobyi barabarani, na gari jipya likaja likiwa limetapakaa matope mpaka madirishani. Dereva, mtu mzima wa Kasulu aliyenifahamu, akafungua milango yote miwili.

Ngobyi iliingia kwa upana. Ilipita bila kugusa. Halafu ikafika kwenye viti vya katikati, vimefungwa sakafuni kwa nati, ikagota. Nusu ndani, nusu nje. Mlango ulikuwa mpana. Gari lilikuwa fupi.

Tukajaribu kuifunga kwa kamba, milango ikiwa wazi. Dereva akasogea kidogo tu, kwenye shimo la kwanza ngobyi ikateleza, wanaume wakaidaka kwa vifua. Kaka yangu akachomoa panga, akasema tukate mipini. Mama akafumbua macho.

"Usikate. Atakayeugua kesho mtambeba na nini?"

Nikapiga magoti kwenye tope. "Mama, tukushushe kidogo tu. Kidogo, mama yangu."

"Nimesema."

Dereva alikuwa analia, mzee wa watu. Mimi sikulia. Nilimwambia arudi, kambini kulikuwa na wengine waliomngoja. Tukangoja lori. Lilikuja lori la maharage, kuukuu, bodi limefungwa kwa waya, moshi mweusi. Utingo wake hakuuliza kitu, alisogeza magunia, ngobyi ikakaa juu ya maharage na nafasi ikabaki. Hakuulizwa mtu maoni lilipotengenezwa lori lile, na lilimtosha mama.

Tulipita vijiji, mvua ikakatika. Alikata roho kabla hatujaiona Kibondo. Mkono wangu ulikuwa juu ya kifua chake na nilijua, lakini sikuwaambia wenzangu mpaka lori liliposimama. Sijui kwa nini. Nilihesabu magunia, nikaona moja limetoboka, nikaziba tundu kwa kidole ili maharage ya watu yasimwagike.

Kaka zangu walimpima kwa kamba ya mgomba, kutoka utosini hadi kisiginoni, wakanipa niipeleke kwa seremala wa sanduku pale mjini. Seremala alipomaliza akanirudishia. Nikaitia kwenye mkoba. Tulimzika, nikamenya viazi, nikapokea pole, nikawaambia watu ahsante. Nilisikia sauti yangu ikisema ahsante kama ya mtangazaji. Siku ya kurudi kazini nilirudi, ilikuwa Ijumaa.

Jioni bosi akatoa simu yake nje kama kawaida. Alikuwa hajui anipe pole ya tatu au anyamaze. Akakaa, akasoma, akasimama, akakaa tena.

"Dada," akasema. "Kuna mtu ameandika. Anafanya kazi kiwandani. Anachora magari, yeye mwenyewe. Alisoma ile habari yetu tangu zamani, alikuwa anauliza wakubwa zake." Akarudi kwenye kioo cha kompyuta. "Anauliza swali moja. Mgonjwa akilala, anahitaji urefu gani?"

Nje jenereta ilikuwa inanguruma. Nilifungua mkoba nikatoa ile kamba, imeanza kukauka na kujikunja. Nikainyoosha juu ya meza yake. Nikamwomba futi. Akanipa, akauliza ile ni kamba ya nini.

"Ya mama," nikasema. "Shika huko mwisho, tusikosee."

Akashika upande wa kichwa, mimi nikashika wa miguu. Tukasoma namba, nikaichapa mwenyewe, nikaongeza kidogo kwa ajili ya mipini, na bosi akaituma.