Siku Baba Alipombeba Tumaini Mgongoni

Juzi fundi jirani yangu hapa Mbeya alikuwa akiranda mbao karibu na dirisha langu, na harufu ya mbao mbichi za msindano ikaingia ndani pamoja na baridi ya asubuhi. Nikageuka kutazama mlango kabla sijajua kwa nini. Kwa wengine hiyo ni harufu ya kitanda kipya au ya madawati. Kwangu mimi, utoto wangu wote, ilikuwa harufu ya baba akiingia nyumbani.

Tulikaa Mafinga. Baba alikuwa mpasuaji mbao kiwandani, na jioni alirudi na maranda kwenye nywele, kwenye nyusi, hata masikioni. Hakuwa mtu wa kupiga. Sikumbuki fimbo yake hata moja. Ila alikuwa hasemi, na mama naye, tukimshinda, alikuwa na neno lake: "Ngojeni baba yenu aje." Basi nikawa namngoja kila siku kama mtu anayengoja hukumu. Mlango ukilia niliacha kucheza. Mdogo wangu Tumaini, aliyekuwa bado anajifunza kutembea, alitambaa hadi chini ya meza. Baba alikula, akasikiliza redio, akalala. Kutuogesha, kutulisha, kunifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi, yote hayo yalikuwa ya mama.

Kabla sijaanza darasa la kwanza, bibi mzaa mama akalazwa Mbeya. Mama ilibidi aende kumuuguza, na Tumaini alikuwa ameshaachishwa ziwa. Shangazi wa Nyololo alikuwa aje kukaa nasi, lakini naye akauguliwa nyumbani kwake.

"Nitabaki nao," baba akasema.

Basi la mama lilipoondoka, nilimtazama baba kwa chini chini, naye akanitazama. Siku zilizofuata tulikunywa uji wa mabonge bila kulalamika. Tumaini akilia, baba alisimama mlangoni akimwangalia kama anavyoangaliwa mnyama asiyejulikana kama anauma.

Asubuhi moja ya ukungu, Tumaini aliamka anakohoa na anawaka moto. Nilimgusa shavu nikatoa mkono. Ghafla macho yake yakageuka yakabaki meupe, mwili ukakakamaa, halafu ukaanza kurukaruka juu ya godoro. Nikajua anakufa. Baba alipiga magoti pembeni yake, asijue pa kumshika.

Mama Furaha, jirani yetu, alisikia ninavyolia akaingia. Mtikisiko ulikuwa umekoma, Tumaini amelegea kama nguo iliyolowa.

"Hilo ni degedege, Baba Neema," alisema. "Ukimpeleka kwenye sindano unamuua. Twende kwa yule mzee wa dawa za miti shamba amfukize."

Baba alisimama katikati ya chumba. Niliona mikono yake inashika shuka na kuiachia, ile mikono iliyobeba magogo. Kitu hicho kilinitisha kuliko macho ya Tumaini. Kumbe hata yeye hajui. Kumbe nyumba ile haikuwa na mtu mkubwa.

Akageuka kwangu. "Mama yako huwa anafanyaje?"

Ndilo swali la kwanza ninalokumbuka baba kuniuliza. Niliwaza, nikikosea, Tumaini atakufa kwa sababu yangu.

"Anamvua sweta," nikasema. "Halafu anampeleka kituo cha afya."

Baba alichukua khanga ya mama. Alimfunga mgongoni vibaya, mtoto akining'inia upande, ikabidi amshikilie kwa mkono wote njia nzima. Mama Furaha alibaki mlangoni akitikisa kichwa. Malori ya magogo yalitupita yakinguruma ndani ya ukungu, nami nilikimbia nyuma nimeng'ang'ania koti lake, kwani nikiliachia tu simuoni tena. Wenzake wa kiwandani walikuwa kando ya barabara.

"Siku hizi ndiyo umekuwa mama?" mmoja akauliza, wengine wakacheka. Baba hakugeuka.

Pale kituoni nesi alimpokea Tumaini na kuanza kuuliza. Ana umri gani? Chanjo amemaliza? Tangu lini anakohoa? Kwa kila swali baba alinitazama mimi, nami nikajibu nilichokijua.

"Mzee, mtoto ni wako?" nesi akauliza, taratibu tu.

"Ni wangu," baba akasema.

Ilikuwa nimonia. Walimchoma sindano, na sisi tukakaa kwenye benchi tukimtazama anavyohema, mimi nikiamini kila pumzi ndiyo ya mwisho. Jua lilipokuwa limeshatoboa ukungu, Tumaini alifumbua macho akaanza kulia kwa nguvu. Baba, ambaye siku zote nilimsikia akisema nyamaza, alimweka kifuani.

"Lia, baba," akamwambia. "Lia tu."

Tuliporudi nyumbani alianza kuniuliza mambo. Uji unakorogwaje? Mnaimbaga wimbo gani wakati wa kulala? Nikamfundisha, naye akaimba vibaya sana. Mama aliporudi alinyoosha mikono ampokee Tumaini, na Tumaini akaficha uso shingoni mwa baba. Mama alicheka, kisha akaingia ndani akijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Miaka yote ile nilimwogopa baba, na haikunijia hata siku moja kwamba naye alituogopa sisi. Tulipozaliwa wanawake walimtoa nje. Tulipolia mama alituchukua. Naye akaona ni nafuu kukaa mbali, hadi siku ile alipokosa wa kumwachia.

Mwaka jana nilijifungua. Mume wangu alisimama mlangoni mwa chumba, mikono mfukoni. "Bado mdogo mno," akasema, "nitamvunja." Mama yangu, aliyekuja kunilea, alikuwa ameshainuka kumchukua mtoto. Nikamwomba akae. Nikamweka mtoto mikononi mwa baba yake, nikaenda kuoga.

Sitawaficha, niliogopa kule bafuni. Nilimsikia mtoto akianza kulia, nikaendelea kujimwagia maji, mpaka niliposikia sauti ya mume wangu, inatetemeka, ikianza kumwongelesha.